Mtu wa Chuo Gani? Vyuo Vikuu vya Umma vya Marekani na Majina Vinayojivunia

Januari 1966 Wangari Maathai alipata shahada ya uzamili ya biolojia katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Mwaka uliofuata chuo hichohicho kikamtunuku kijana wa Kampala, Mahmood Mamdani, shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa. Wote wawili walivuka bahari kwa mkondo mmoja, ule wa ufadhili alioupigania Tom Mboya tangu 1959. Majengo ni yaleyale, baridi ni ileile. Sasa niambie: kati yao, nani alisoma chuo cha umma?

Maathai hakusoma chuo cha umma. Mamdani alisoma, kwa kiasi fulani. Maathai alipomaliza, Pittsburgh kilikuwa bado chuo binafsi, tena kimezongwa na madeni. Baadaye mwaka huohuo wa 1966 jimbo la Pennsylvania likakiokoa kwa sheria iliyokifanya chuo "kinachohusiana na jimbo". Kinapokea fedha za jimbo na kuwapunguzia karo wakazi wake, lakini si mali ya jimbo moja kwa moja. Kwa hiyo Mamdani aliingilia mlango wa chuo binafsi akatokea mlango wa chuo cha nusu umma, bila kuhama dawati. Leo Pittsburgh kinawahesabu wote wawili, na mwandishi yeyote anayekusanya majina ya watu mashuhuri wa vyuo vya umma vya Marekani atawaweka kapu moja.

Kapu hilo ndilo linalonishughulisha. Majina yaliyomo ni ya kweli. Tatizo liko kwenye kile kineno kidogo kinachoyaunganisha na chuo: mtu "wa" Michigan, mtu "wa" Berkeley, mtu "wa" Alabama. Ndani ya "wa" hiyo kuna aliyesoma akamaliza, aliyesoma akaacha, aliyefundisha, aliyekimbia uwanjani kwa jezi ya chuo, na hata aliyefukuzwa langoni kwa mawe.

Tuanze na umma wenyewe. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia chuo cha umma anawaza serikali ya nchi: waziri, bajeti ya taifa, bodi ya mikopo. Marekani si hivyo. Serikali kuu ya Washington haimiliki vyuo vikuu vya kawaida. Vyake ni vya kazi maalumu, kama West Point cha jeshi la nchi kavu. Vyuo vya umma ni vya majimbo, na kila jimbo lina utaratibu wake. Mahali pengi gavana huteua wajumbe wa bodi ya chuo. Michigan wao huwapigia kura: wajumbe 8 wa bodi ya chuo kikuu huchaguliwa na wananchi wa jimbo zima, kila mmoja kwa kipindi cha miaka 8, kama madiwani. Na kwa sababu kodi inayokiendesha chuo ni ya wakazi wa jimbo, mkazi hulipa karo ndogo, na mgeni hulipa kubwa. Mgeni hapa ni pamoja na Mmarekani wa jimbo la jirani.

Jina la chuo halikusaidii kujua. Chuo Kikuu cha Pennsylvania ni binafsi. Chuo Kikuu cha Chicago ni binafsi. Chuo Kikuu cha New York ni binafsi pia, ilhali vyuo vya umma vya mji na jimbo hilo vina majina yanayofanana nalo mno. Purdue kinasikika kama duka la mtu, na kweli kilipewa jina la mfanyabiashara, John Purdue, aliyetoa fedha kianzishwe. Lakini ni chuo cha umma cha Indiana, na Neil Armstrong alichukua shahada yake ya uhandisi hapo mwaka 1955, miaka 14 kabla ya kukanyaga mwezi. Chuo Kikuu cha Miami kilichoko Florida ni binafsi. Kingine chenye jina hilohilo la Miami kiko Ohio, mbali kabisa na bahari, na hicho ndicho cha umma. Jirani yangu alimfanyia mwanawe sherehe kubwa kwa kupata nafasi katika chuo chenye jina la jimbo, akijua ni cha serikali na karo itakuwa nafuu. Ilipofika barua ya malipo, alivuta kiti akakaa.

Mkanganyiko huu una historia. Julai 2, 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Abraham Lincoln alitia saini Sheria ya Morrill. Kila jimbo lilipewa ekari 30,000 za ardhi kwa kila seneta na kila mbunge liliyekuwa naye Washington, liuze, na fedha ziendeshe vyuo vya kilimo na ufundi kwa watoto wa watu wa kawaida. Ardhi yenyewe, tusisahau, ilikuwa imenyang'anywa wenyeji wa asili wa bara lile. Vyuo vingi vikubwa vya majimbo vilianzishwa au vilinenepa kwa fungu hilo. Lakini sheria haikusema lazima chuo kiwe cha umma. MIT, chuo cha teknolojia, ilipata fungu lake Massachusetts na ni binafsi hadi leo. Cornell ni cha ajabu zaidi: chuo binafsi ambacho ndani yake mna ndaki za jimbo la New York, kama ile ya kilimo, zikiendeshwa kwa ruzuku ya umma. Mhitimu wa Cornell aweza kuwa wa chuo binafsi au wa umma kutegemea amekaa upande gani wa uwanja.

Iowa ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kabisa kuikubali sheria hiyo, na chuo kilichonufaika nayo, Iowa State, kinaonyesha ubora wake. Mwaka 1891 kilimpokea George Washington Carver, aliyezaliwa mtumwa Missouri na ambaye chuo kimoja cha Kansas kilikuwa kimemkubali kwa barua kisha kikamkataa kilipoona rangi yake. Akawa mwanafunzi wa kwanza Mweusi pale Iowa, akapata shahada ya kwanza 1894, ya pili 1896, akawa mwalimu wa kwanza Mweusi. Miaka 85 baada ya Carver kumaliza ile ya pili, chuo hicho cha mahindi na ng'ombe kikampa uzamivu wa uchumi wa kilimo mwanajeshi mmoja wa Sudan, aliyewahi pia kusoma Dar es Salaam. Alikuwa John Garang. Miaka 2 baadaye alikuwa msituni.

Rutgers, cha New Jersey, kiko kinyume. Kilianzishwa 1766, enzi za ukoloni wa Mwingereza, na kikafanywa chuo kikuu cha jimbo mwaka 1945 tu. Mtu wake maarufu kuliko wengi ni Paul Robeson, mwimbaji, mwigizaji na mpigania haki, yuleyule aliyejifunza Kiswahili London miaka ya 1930. Alihitimu 1919. Hivyo Robeson anahesabiwa kuwa fahari ya chuo cha umma ambacho, alipokisoma, hakikuwa cha umma. Thomas Jefferson naye ni hivyohivyo: alisoma William & Mary, Virginia, kati ya 1760 na 1762, na chuo kikaja kuwa cha jimbo mwaka 1906, yeye akiwa kaburini miaka 80.

Hata jimbo lenyewe laweza kuzaliwa mwanafunzi akiwa njiani. Hawaii ilikuwa eneo tu chini ya Marekani hadi Agosti 1959, ilipofanywa jimbo la 50. Mwaka huohuo Barack Obama mkubwa, kijana wa Kijaluo, aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii, Mwafrika wa kwanza kusoma pale. Katika darasa la Kirusi akakutana na Ann Dunham. Baba alimaliza 1962 akaenda zake Harvard. Mama ndiye aliyekuwa mtu wa chuo kile hasa: shahada ya kwanza ya anthropolojia 1967, ya pili 1974, uzamivu 1992, zote Hawaii, huku akilea watoto na kufanya utafiti Indonesia. Mtoto wao, rais wa 44, alizaliwa Honolulu lakini alisoma Occidental, Columbia na Harvard, vyote binafsi. Chuo cha umma kilipata wazazi, kikamkosa rais.

Sasa tuje kwenye kuhesabu. John Bardeen ndiye mtu pekee aliyepata Nobeli ya fizikia mara mbili, 1956 na 1972. Shahada zake mbili za mwanzo ni za Wisconsin, chuo cha umma. Uzamivu ni wa Princeton, binafsi. Kazi iliyompa Nobeli ya kwanza, ya transista, aliifanya kwenye maabara ya kampuni ya simu. Ya pili aliipata akiwa profesa Illinois, chuo cha umma. Basi Wisconsin wanamdai, Princeton wanamdai, Illinois wanamdai, na hakuna anayesema uongo. Ukijumlisha Nobeli ambazo vyuo vyote vya Marekani hujipa, utapata nyingi kuliko zilizowahi kutolewa Stockholm kwa Wamarekani. Ni kama wajomba wanaojigamba kwa mpwa mmoja.

Berkeley, tawi kongwe la Chuo Kikuu cha California, wana njia yao ya kuonyesha nani ni wao hasa: profesa akipata Nobeli hutengewa nafasi ya kuegesha gari ndani ya chuo, na kibao chenye herufi NL, yaani mshindi wa Nobeli kwa Kiingereza. Wanaoujua mlima ule na uhaba wa maegesho yake husema, nusu utani, kwamba hiyo ndiyo tuzo yenyewe. Jennifer Doudna, aliyepata Nobeli ya kemia 2020 kwa teknolojia ya kuhariri jeni, hakusoma Berkeley hata shahada moja. Alisoma Pomona na Harvard. Lakini alikuwa akifundisha hapo alipotunukiwa, na kwangu mimi huyo ni wa Berkeley kuliko mtu aliyepita pale miaka 4 ya ujana kisha akafanya kila kitu kwingine. Kumlipa mtafiti mshahara na kumwekea maabara ni kazi kubwa kuliko kumpigia picha ya mahafali.

Kwa kipimo hicho, Ali Mazrui ni mtu wa vyuo vya umma vya Marekani kwelikweli. Masomo yake yalikuwa Manchester, Columbia na Oxford. Baada ya Makerere kutokalika chini ya Idi Amin, alihamia Michigan mwaka 1974, akakaa hadi 1991, na tangu 1989 alikuwa pia na kiti cha uprofesa Binghamton, chuo cha jimbo la New York, hadi alipofariki Oktoba 2014. Miaka 40. Lakini alizikwa Mombasa, kwenye makaburi ya ukoo wa Mazrui karibu na Fort Jesus, na kwa Wamombasa yeye ni mtoto wa mji tu. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikuwa profesa wa Irvine, tawi jingine la California, tangu 2002, baada ya kupitia vyuo kadhaa binafsi. Kodi ya watu wa California ikamlipa mtu aliyekuwa akiandika riwaya kwa Kikuyu.

Wanariadha ni habari nyingine, na hapa maneno hayaishi. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, kuliko gavana, ni kocha wa futiboli ya Kimarekani au wa kikapu wa chuo cha jimbo. Hilo peke yake linakueleza kwa nini vyuo hivi vinajulikana zaidi kwa jezi kuliko kwa vitabu.

Mei 25, 1935, mjini Ann Arbor, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, Jesse Owens alishuka akiwa na maumivu ya mgongo. Siku chache kabla alikuwa ameanguka kwenye ngazi. Alivaa jezi ya wageni, Ohio State. Alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.4, akaifikia rekodi ya dunia. Akaenda kwenye mchanga, akaruka mara moja tu, mita 8.13, rekodi iliyodumu miaka 25. Kisha yadi 220, rekodi. Kisha yadi 220 za kuruka viunzi, rekodi tena. Yote hayo ndani ya dakika 45 hivi, muda wa kipindi kimoja cha darasani.

Jioni aliporudi alikwenda kuwa nani? Ohio State haikumpa ufadhili wa masomo. Mabweni ya chuo hayakupokea Weusi, kwa hiyo alipanga nje. Ili apate karo aliendesha lifti ya mizigo katika jengo la bunge la jimbo. Yaani alilitumikia jimbo chini ili aruhusiwe kusoma chuo cha jimbo juu. Mwaka 1936 alileta dhahabu 4 kutoka Berlin. Hakumaliza masomo. Mwaka 1972 chuo kikampa udaktari wa heshima, na mwaka 2001 kikafungua uwanja mpya wa riadha wenye jina lake.

Miaka 43 baada ya dakika zile 45, mwanafunzi mwingine alivunja rekodi kwenye uwanja wa chuo kisicho chake. Henry Rono, Mnandi aliyekuwa akisoma Washington State, alianzia Berkeley Aprili 1978: mita 5,000. Mwezi Mei, Seattle, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Juni, Vienna, mita 10,000, na kabla mwezi haujaisha, Oslo, mita 3,000. Rekodi 4 za dunia kwa siku 81. Makocha wa vyuo vya umma vya magharibi walikuwa wamegundua Afrika Mashariki mapema; Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow 1980, alikuwa akikimbilia chuo cha Texas kule El Paso. Ukisoma majina ya mabingwa wa riadha ya vyuo vya Marekani miaka ile utadhani ni mashindano ya Eldoret.

Jackie Robinson anatuunganisha tena na Mboya. Huyu ndiye mwanafunzi wa kwanza wa UCLA, tawi la Los Angeles la Chuo Kikuu cha California, kupata tuzo ya chuo katika michezo 4: besiboli, kikapu, futiboli na riadha. Aliondoka 1941 bila shahada. Mwaka 1947 akawa Mweusi wa kwanza wa zama zile kucheza ligi kuu ya besiboli. Na mwaka 1959 alikuwa mmoja wa waliotia saini barua ya kuchangisha fedha za ndege iliyowachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi, akiwa na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mtu aliyeacha chuo akiwachangia nauli wanaokwenda chuo. UCLA wanamtaja kwa fahari, na wana haki.

Wapo ambao siwezi kusema chuo kina haki nao, au angalau haki hiyo ilichelewa. Kwa sehemu kubwa ya historia yao, vyuo vya umma vya kusini vilikuwa vya umma mweupe. Weusi walilipa kodi ileile, lakini lango lilifungwa. Thurgood Marshall alizaliwa Baltimore, na shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland ilikuwa hapohapo mjini. Haikuchukua Weusi. Akawa anapanda treni kwenda chuo cha Howard, Washington, na mama yake akaweka pete zake rehani ili karo itimie. Alihitimu 1933 wa kwanza darasani. Miaka 2 baadaye alirudi Baltimore na kuishtaki Maryland kwa niaba ya kijana mwingine aliyekataliwa, Donald Murray, akashinda, na rufaa ikathibitisha ushindi 1936. Leo maktaba ya shule hiyo ya sheria inaitwa Maktaba ya Thurgood Marshall.

Mwaka 1960 Mboya alimwita Marshall huyohuyo London, kwenye mazungumzo ya Lancaster House, awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika. Akaandika rasimu ya haki za raia kwa Kenya iliyokuwa njiani, na sehemu kubwa ya maandishi yake ilikuwa ya kuwalinda Wazungu na Wahindi walio wachache wasije wakatendewa na wengi yale aliyotendewa yeye. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Chuo Kikuu cha Mississippi kilimpokea mwanafunzi Mweusi, James Meredith, Oktoba 1, 1962 kwa amri ya mahakama na ulinzi wa askari wa serikali kuu, baada ya usiku wa ghasia uliowaua watu 2. Alimaliza Agosti 1963. Sanamu yake ikasimamishwa chuoni 2006. Mwaka 2014 watu waliivisha kitanzi shingoni.

Lakini kisa kilichonikaa ni cha Autherine Lucy. Februari 1956 aliingia Chuo Kikuu cha Alabama kusomea ukutubi, Mweusi wa kwanza kukubaliwa humo, baada ya kesi ya miaka kadhaa. Marshall alikuwa miongoni mwa mawakili wake. Siku ya tatu ya masomo umati ulimfukuza kutoka darasa hadi darasa kwa mayai na mawe. Jioni hiyo chuo kikamsimamisha yeye, si umati, eti kwa usalama wake. Mawakili walipokishtaki chuo kwa kushirikiana na umati, kikamfukuza kabisa kwa kukichafulia jina. Alikaa hivyo miaka 32. Mwaka 1988 chuo kikafuta amri ya kumfukuza. Akajiandikisha upya, na mwaka 1992 akapata shahada ya uzamili ya ualimu, akihitimu mahafali moja na binti yake.

Mwanzoni mwa Februari 2022 bodi ya chuo iliamua kuliita jengo la ndaki ya ualimu kwa jina lake. Lile jengo lilikuwa na jina la gavana wa zamani, Bibb Graves, aliyewahi kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, na bodi ikaona haya kumwondoa: ikaamua majina yote mawili yakae ubaoni pamoja. Wanafunzi na wengine wakapiga kelele, na kabla mwezi haujaisha jina la Graves likafutwa. Jengo lilizinduliwa rasmi Februari 25 likiwa na jina la Autherine Lucy peke yake. Machi 2 akafariki, ana miaka 92.